Nipe Dawa, Usinipige Picha

Ndugu zangu, amsheni jirani aliyesinzia, nina mfano.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, hodari kweli kweli. Mkasi ukaanza kumponyoka mkononi. Kichwa kikawa kinamgonga hadi anatapika. Alifanyaje? Alijifunga kitambaa kichwani, akaendelea kushona. Wanawe wakimuuliza, anawaambia ni macho tu. Siku alipoangukia cherehani, ndipo wakamkokota hospitali.

Huko wakampima akiwa hajitambui, na alipozinduka hawakumung'unya maneno naye: uvimbe kwenye ubongo, tena ule mkali, unaokua mbio. Wasipouwahi, hana maisha. Daktari, binti ambaye huenda mama alimshonea sare ya shule, akamwonyesha kichupa chenye maji ya rangi ya kutu.

"Mama, humu mna chembechembe za chuma. Ni ndogo mno, unywele wako mmoja ukiulaza kando yake utaonekana gogo. Ubongo una ukuta wake, dawa nyingi zinafika pale zinarudi. Hizi zitapenya, zikae ndani ya uvimbe. Kisha tutakupiga picha, tuone zilipokaa."

Mama akamshika mkono. "Mwanangu, dawa nipe hata sasa hivi. Ila picha hapana. Wanangu wako hapo nje, sitaki waione. Kitu kikishaonekana, ndiyo basi tena."

Mnamcheka? Ngojeni kwanza.

"Mama yangu," daktari akasema taratibu, "hakuna dawa kando na picha kando. Chembe ile ile inayoonekana kwenye picha ndiyo tutakayoipasha moto kwa sumaku, iuchome uvimbe. Nisipoona ilipo, nichome wapi?"

Machozi yakamtiririka mama, hakuyafuta. Mwishowe akasema, "Waite wanangu."

Wakaingia. Mama akadungwa dawa ile, na baadaye picha ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, na pale palipooza kuliko pote kichwani mwake ndipo palipowaka. Mama akajishika mdomo. "Mungu wangu! Vitu nisivyoweza hata kuviona, vimeijuaje njia?" Mimi hapo mwili unanisisimka, jamani. Kitu kidogo kuliko vumbi kimepita ukutani, kimemtafuta adui alipojificha, kikamkalia! Matibabu yakaanza siku hiyo hiyo, wanawe wamemshika miguu.

Sasa sisi je? Magoti yamesuguka kwa kuomba, "Bwana, niponye." Lakini Bwana akianza kutumulika tunageuza uso. Chuki tunaiita msimamo. Uzinzi tunauita upweke. Tunataka atusamehe bila kutuona! Wapendwa, lile neno linalokuuma ukilisikia, ukatamani mhubiri alipite haraka, unadhani limekuja kukuaibisha? Limefika penye ugonjwa. Hilo hilo linalokuuma ndilo litakalokuponya, na Mungu hana jingine la kukupa.

Wewe uliyekaa karibu na mlango, unayengoja niseme amina utoke, lako unalijua. Sisemi amina bado. Mwambie Bwana sasa, ulitaje kwa jina lake.