Tenga la Korongo na Masikio ya Sungura

Hapo kale, mwaka ambao hata chura alisahau kuogelea, maji yalikauka nchi nzima. Yalibaki juu ya mlima mmoja tu, kwenye jabali lisilopandika kwa miguu. Korongo na ndugu zake wakasuka tenga kubwa, wakawa wanawapandisha wanyama asubuhi wakanywe, na adhuhuri wanawashusha.

Fisi akajipa kazi ya utingo, ya kuwapanga abiria tengani. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu kwamba tenga likipaa, masikio ya abiria huziba na kuuma, naye akapata la kusema.

"Mlima hautaki harufu ya chakula," aliwatangazia. "Ndiyo maana unawabana masikio. Nipeni vifurushi vyenu niwashikie, kisha niwafunge midomo. Mlima husalimiwa kwa kimya."

Wakampa. Akawafunga midomo kwa kamba za mgomba, akakaa nyuma yao, akala vyote: viazi vya Ngiri, karanga za Kima, kunde za Sungura. Masikio yakazidi kuuma.

Aliyeteseka kuliko wote ni Sungura. Masikio yale marefu ndiyo uhai wake. Ndiyo yanayomwambia chui yuko wapi. Sasa kila akishuka alishinda hasikii kitu, na siku moja nusura amkanyage chui mkia. Sungura aliogopa sana. Asipopanda atakufa kwa kiu, akipanda ataliwa.

Siku ya nne, njaa ikampigisha mwayo mkubwa hata kamba ikalegea. Masikio yakafanya pwa, yakazibuka. Akasikia upepo, akasikia mabawa, na nyuma yake akasikia mtu anatafuna. Akageuka kidogo. Fisi alikuwa na karanga shavuni, uso mkunjufu, hana dalili ya maumivu. Sungura akairudisha kamba mdomoni, huku mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Juu ya jabali, walipokwisha kunywa, alimwendea Fisi mbele ya wenzake. "Mjomba, mbona wewe masikio hayakuumi?"

Kichekesho ni kwamba Fisi mwenyewe hakujua. Uongo aliutunga apate kula tu, lakini kwa kuwa haumwi kamwe, alikuwa ameanza kuamini kuwa mlima unampenda.

"Mimi na mlima tunaelewana, mpwa wangu."

"Hata ukifungwa mdomo?"

"Hata ukinishona."

"Basi leo shuka umefungwa, tukuone. Ukifika chini bila kulia, kuanzia kesho kila mmoja wetu atakuletea vifurushi viwili."

Fisi akautoa mdomo mwenyewe. Ngiri akamfunga mizunguko saba, na Kima akamshika miguu ya mbele asije akajifungua. Sungura naye akawagawia wenzake majani mabichi ya jabalini, akawanong'oneza watafune na kumeza njia nzima.

Tenga likashuka. Kufika nusu ya njia, Fisi akakodoa macho. Mara akatikisa kichwa, mara akakipigiza kwenye ubavu wa tenga, na machozi yakaanza kumtiririka. Abiria wakaendelea kutafuna, wakimtazama kwa upole.

Ngiri akamwonea huruma, akamfungua. "Vipi, mlima umesemaje?"

"Mlima hausemi kitu," Fisi alilia. "Nilitaka viazi vyenu tu. Nigawieni hata jani moja nitafune."

Korongo alisikia yote kutoka juu. "Utingo umekwisha," alisema. "Kesho utapanda kama abiria, na chakula uje na chako."

Sungura alirudi nyumbani akiwa anasikia mpaka kishindo cha siafu, akampisha chui kwa mbali, akalala kwa raha. Fisi, ambaye hajawahi kubakiza chakula cha kesho, alipanda mikono mitupu. Wenzake walitafuna, yeye akapiga miayo safari nzima ili masikio yazibuke. Ule uongo ulimlisha vizuri siku zote alizojua kuwa ni uongo. Siku alipousadiki ndipo ulipomliza.