Hodi Katika Mashimo ya Fuko

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wenye ugali wa moto mdomoni? Sogeeni karibu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Mivule walikaa mbali mbali. Aliyetaka kumjulia hali dada yake alitembea siku tatu. Fuko, yule mchimbaji wa chini kwa chini, akawaonea huruma. Akachimba, akachimba, akachimba, mpaka kila nyumba ikawa na shimo dogo kando ya mafiga. Ukisema kwenye shimo lako, sauti inapita ardhini, inatokea kwa mwenzako.

Loo, ilikuwa raha! Bibi wa ng'ambo ya mlima alimwimbia mjukuu wake mpaka akalala. Twiga alipougua koo, na koo lenyewe mnalijua urefu wake, alielekezwa dawa na mganga asiyewahi kumwona.

Fisi naye alikuwa na shimo lake.

Siku moja, jua la saa tisa, Bi Digidigi alikwenda kutafuta kuni. Alimwacha binti yake wa pekee, Tunu, akipepeta mtama jikoni. Mara shimo likaita kwa sauti laini, "Tunu, mwanangu, njoo mtoni unipokee mzigo."

Tunu akasita. "Mama, mbona koo lako linakwaruza?"

"Vumbi tu, mwanangu. Njoo. Njoo upesi. Njoo peke yako."

Tunu akaweka ungo chini, akaenda.

Bi Digidigi aliporudi, alikuta ungo na mtama, mtoto hayupo. Akaita uani, akaita shambani, akaita kisimani. Kimya. Akapiga magoti, akalia ndani ya shimo, "Jamani! Nani amemwona Tunu wangu?"

Kilio kikafika kwa Twiga, kikafika kwa Nyani, kikafika kwa Kobe, ambaye nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa mto. Kobe hakuuliza maswali. Akatoka mbio, na mbio za Kobe mnazijua, akamkuta Tunu amesimama peke yake, na nyuma ya kichaka Fisi anajilamba.

"Wewe Fisi! Unangoja nini hapo?"

"Nangoja maji yapungue, nivuke."

"Yamepungua tangu juzi. Vuka basi, nikuone!"

Fisi akatazama juu, akaona Nyani na jamaa zake wanashuka mitini. Akatia mkia katikati ya miguu, akatokomea. Kobe akamchotea Tunu maji kwa jani, akatembea naye hadi kwao polepole, bila kumuuliza neno, mpaka Tunu mwenyewe akamsimulia sauti ya shimoni.

Kesho yake wanyama wakajaa barazani kwa mtawala wao, Mtemi Tandala, mama mtulivu mwenye masikio mapana.

"Mashimo yafukiwe!" akanguruma Nyati. "Yafukiwe yote!"

"Yasiguswe!" akapiga kelele Nyani. "Leo Mtemi atafukia mashimo, kesho atafukia vinywa!"

Mtemi akawasikiliza wote wawili, kisha akainuka. Aliondoka kwa miguu yake mpaka kwa Bi Digidigi. Akakaa kwenye kigoda kilichovunjika mguu, akamwacha mwenzake alie mpaka amalize. Ndipo akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyeumia. Unasemaje?"

Bi Digidigi akajifuta macho. "Mtemi, usiyafukie. Shimo lililomwita mwanangu ndilo lililomrudisha. Lakini hakuna mgeni anayeingia kwangu bila kubisha hodi. Fisi aliingiaje hadi jikoni kwa sauti yake, bila hodi, bila jina?"

Mtemi akajipiga paja. "Nyumba yako ina sheria kuliko nchi yangu!"

Basi ikatangazwa: kila anayeita shimoni abishe hodi mara tatu, ataje jina lake na kwao. Asiyejibiwa, anyamaze. Na pale mashimo yote yanapokutana, Mtemi akamweka Nguchiro, ambaye kazi yake ilikuwa kujua sauti imetoka shimo gani. Mtu akidanganya jina, Nguchiro apige kelele.

"Na nikisikia umbea mtamu je?" akauliza Nguchiro.

"Ukisikia 'karibu', ziba masikio."

"Hata kidogo tu, Mtemi?"

"Hata kidogo."

"Na wakikusema wewe?"

"Waache waseme. Bonde ni lao."

Nyani, aliyehofia vinywa kufukiwa, akacheka mpaka akashika mbavu, akakubali sheria.

Haikupita wiki. Shimo la Bi Digidigi likasema, "Hodi, hodi, hodi! Tunu, ni mimi mama yako, wa hapa nyumbani."

Chini ya ardhi Nguchiro akapaza sauti, "Mwongo! Hiyo imetoka pangoni kwa Fisi!"

Bonde zima likasikia. Fisi akaitwa barazani, akasikilizwa mpaka akaishiwa maneno, na shimo lake likafukiwa. Lake peke yake.

Ila Tunu bado aliliogopa shimo. Alikuwa akipika amelipa mgongo. Adhuhuri moja likaita, "Hodi, hodi, hodi."

Mama yake akamtazama. Tunu akaweka mwiko chini, akasogea. "Nani?"

"Ni mimi, Mtemi."

"Mtemi nani? Wa wapi?"

"We mtoto!" mama akashtuka. "Mtemi huyo!"

"Si ndiyo sheria, mama?"

Shimo likacheka kicheko cha upole. "Ndiyo yenyewe. Mimi ni Tandala, wa kilima cha mashariki. Nilitaka kujua kama bado unaliogopa shimo."

Tunu akatega sikio. Nguchiro hakupiga kelele. Basi akainama, akaweka mdomo wake pale pale alipopaogopa mwezi mzima, akasema, "Karibu, Bibi."

Hadithi yangu imeishia hapo, kando ya mafiga ya Bi Digidigi, mtama ukichemka na mtoto akizungumza.