Majembe Matatu Kwenye Mfereji

Wapendwa, sikilizeni. Huko milimani, ambako maji hushuka mashambani kwa mfereji uliochimbwa na mababu, kulikuwa na mkulima mmoja mwenye nusu eka ya mahindi. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele. Nanyi mnaolima mnajua: hapo yakikosa maji wiki mbili, mwaka umekwenda.

Mfereji ule ulikuwa na msimamizi, mzee aliyechaguliwa na wote. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji. Kila Ijumaa jioni alipita nyumba kwa nyumba akiita, "Kesho mfereji," na Jumamosi watu walipanda na majembe kuzoa tope na kuziba kingo. Desturi ilikuwa na upande wa pili pia. Mwenye lalamiko juu ya msimamizi alilisema pale pale mferejini, mbele yake, kabla jembe la kwanza halijagusa tope.

Basi msimamizi akakosa. Alimpa shemeji yake zamu mbili katika wiki moja, na mkulima wetu akaona kwa macho yake. Je, Jumamosi alisema? Alinyamaza, akazoa tope, akarudi nyumbani, akasemea mezani.

"Yule mzee ni mwizi wa maji," aliwaambia wanawe, watu wazima wenye wake zao. "Akiita, mwacheni aite. Kwani mfereji ni wa baba yake?"

Akasema kwa jirani. Akasema kwa kinyozi. Watu walicheka, maana alijua kuigiza jinsi mzee anavyokohoa kabla ya kuita. Jumamosi iliyofuata, badala ya majembe arobaini, yakaja ishirini. Kisha tisa. Kisha matatu. Mwishowe mzee alipita akiita kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi, na kesho yake akapanda peke yake.

Maji yakapungua. Majani ya mahindi yakaanza kujikunja. Mkulima akakasirika, akapanda mlimani mchana wa jua kali kwenda kumpasha mzee.

Alimkuta pale maji yanapotoka mtoni kuingia mferejini. Ukingo ulikuwa umemeguka. Mzee ameketi ndani ya maji ya baridi, ameziba pengo kwa mgongo wake, mikono inabandika udongo na maji yanauchukua.

"Nimekuja kuulizia maji yangu," alisema mkulima.

"Uliza."

"Ulimpa shemeji yako zamu mbili."

"Nilimpa. Nilikosa." Mzee hakuinua uso. "Tangu siku ile nangoja mtu aje aniambie. Ningetubu mbele yenu wote. Lakini nilichosikia ni vicheko tu."

Mkulima akauliza, "Niende nikawaite watu?"

"Nenda, mwanangu. Mimi nikitoka hapa, ukingo wote unakwenda."

Akashuka mbio. Jirani akamwambia, "Kumbe siku hizi unatumwa na mwizi wa maji?" Akaendelea na kazi yake. Mkulima akafika kwa mwanawe mkubwa, aliyekuwa akimkatia ng'ombe majani.

"Chukua jembe, mwanangu. Mzee anaita."

Kijana akakohoa kile kikohozi, vizuri kuliko baba yake alivyowahi. Wajukuu wakacheka hadi wakakaa chini.

Hakupanda mtu. Mkulima alirudi na jembe lake moja, akakuta pengo limekuwa pana kama mlango wa zizi, na mzee amekaa juu ya jiwe, anatetemeka, hana nguvu tena. Wawili hawakuweza. Mahindi yalikauka yote, ya mkulima na ya wale waliocheka.

Wapendwa, mchungaji hukosa. Mzee wa kanisa hukosa. Mungu ametuwekea njia ya kwenda kwa aliyekosa, wewe na yeye, ukamwambie. Nani kati yetu amekwenda? Tumeagizwa pia kuwatii wanaokesha kwa ajili ya roho zetu, ili kazi yao isiwe ya kuugua. Na wetu wanaugua. Tunawaona wamesimama madhabahuni wamechoka, nasi tunasema hawana upako.

Tunaweza kwenda kuwaomba msamaha, na twende leo. Lakini sitawabembeleza kama anavyobembelezwa mtoto ili alale. Waliotusikia mezani wamekwisha kutusikia. Iko siku binti yako atavunjika moyo, wewe mwenyewe hutaweza kumfikia, na utamwambia, "Twende kwa mchungaji." Atakutazama usoni, akidhani unatania.