Pikapu Nyeupe Iliyogoma Kihelo

Rangi haipandi mlima. Ndivyo alivyosema babu yenu pale mezani, nanyi mkatazamana mkidhani ni uzee. Wala si uzee. Hiyo ni methali yetu, tena ina wenyewe, na mmoja wa wenyewe ndiye huyu anayewamenyea viazi. Watu wa kwingine watawaambia ving'aavyo vyote si dhahabu. Sawa, wao wana dhahabu. Sisi wa Makete tuna viazi, matope na milima, tukajitungia ya kwetu. Methali hii ilizaliwa mbele ya macho yangu, na ilianza hivi.

Wakati huo nilikuwa msichana wa Igumilo, juu kabisa mlimani, na babu yenu Obadia Tweve alikuwa kijana wa Lupande, kule bondeni. Tulikuwa tumependana. Nasema wazi, msinitazame hivyo. Barabara ya kutoka kwao kuja kwetu ni moja tu, inapanda mlima wa Kihelo, udongo mwekundu mtupu. Kiangazi unapanda ukila vumbi. Masika udongo ule unateleza kama mlenda, na dereva asiyeujua huishia mtaroni.

Baba yake Obadia, kabla hajafariki, alikuwa na pikapu kuukuu ambayo watu waliiita Subira, kwa sababu asubuhi haikuwaka mpaka isukumwe na watu wenye subira. Mlango wa dereva ulifungwa kwa kamba ya katani. Rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Lakini ikishawaka, ilipanda Kihelo na gunia za viazi zimefungwa mpaka juu, iwe masika iwe kiangazi. Hiyo ndiyo iliyompeleka mama yangu hospitali siku aliponizaa, na ndiyo iliyobeba mabati ya kanisa letu. Igumilo nzima iliujua mlio wake. Tukiusikia tulisema, mzee Tweve huyo anapanda, na kweli alikuwa anapanda.

Mzee alipofariki, Obadia alifanya kazi ya mbao mpaka akapata pikapu mpya. Jamani, ilikuwa nyeupe pe, milango minne, viti laini, redio, na mbele ya usukani kumejaa vitaa vya kila rangi. Subira ikaegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wakaanza kutaga ndani yake. Na kijana kichwa kikamvimba. Nampenda, lakini kilivimba.

Alipokuja kwetu na mshenga wake, mjomba wake Elikana, baba yangu alitaja mahari, na juu ya mahari akataja gunia za mbegu za viazi za mama mkwe. Hiyo kwetu ilikuwa desturi kubwa. Mkwe huleta mbegu, mama wa binti huzipanda, na viazi vitakavyovunwa ndivyo vinavyopikwa siku ya harusi. Pasipo mbegu hakuna harusi. Na desturi hiyo ina mwiko wake. Siku mbegu zinapoletwa, hakuna mtu wa upande wa binti anayeruhusiwa kushuka barabarani kusaidia. Ukishuka kumsukuma mkwe, ni kama umemtupa binti njiani.

Sasa Obadia, badala ya kukaa kimya kama inavyompasa anayeposa, alidakia kwamba mbegu atazileta mwenyewe kwa pikapu yake mpya, wala hatamsumbua mtu. Baba alimtazama sana. Akasema basi na ataje siku yeye mwenyewe, na siku hiyo ikipita mbegu hazijafika, asirudi tena, kwa kuwa mtu anayeshindwa na neno lake hawezi kushika nyumba. Obadia akataja siku huku anatabasamu. Mimi jikoni moyo ulinidunda, maana niliyatazama mawingu.

Siku yenyewe iliamka na mvua. Ilipokatika tulisimama sote ukingoni mwa uwanja wetu, na kutoka pale barabara unaiona yote mpaka chini. Pikapu ikatokea iking'aa kama sahani iliyooshwa. Shangazi zangu wakaanza vigelegele. Mama hakupiga. Aliona alichokiona kila mtoto wa milimani, kwamba nyuma ilikuwa tupu. Obadia alikuwa amepanga safari ya kwanza iwe ya kung'aa, amlete mshenga na wazee wao kwa heshima, kisha arudi bondeni kuchukua gunia, ili udongo wa viazi usichafue gari kabla hatujaliona. Nani wa kwetu hupanda Kihelo nyuma tupu wakati wa masika? Uzito wa viazi ndio unaoyabana matairi yashike ardhi. Baba yake angekuwa hai angemzaba kofi.

Ilifika katikati ya mlima, ikaanza kuteleza, ikarudi kinyumenyume mpaka chini. Wazee wakashuka, gunia zikapakiwa, na hapo tena ikawa kichekesho kingine. Ile milango minne ilikuwa imekula nafasi yote, nyuma kumebaki kipande kifupi, nusu ya gunia zikakosa pa kukaa. Wakajaribu hivyo hivyo. Obadia alinisimulia baadaye kwamba kila tairi lilipoteleza, naye akikanyaga mafuta, injini ilijipunguzia nguvu yenyewe na kitaa cha njano kikawaka, eti gari linamlinda. Linamlinda na nini, wakati mke yuko juu? Subira ukiikanyaga ilinguruma na kurusha matope mpaka kwenye matawi, lakini ilitambaa. Hii ya kisasa ilikata tamaa kwa adabu. Mwisho ikaingia mtaroni, ikatulia.

Kaka zangu walitaka kushuka. Baba akainua mkono, wakasimama. Machozi yalinilenga, nami nilikuwa nimekatazwa hata kumpungia. Kule chini mjomba Elikana alikuwa akimshauri waende nyumbani, watume mtu aseme bwana harusi ameugua ghafla, mengine wazee watayazungumza. Ulikuwa uongo mwepesi, na kwa wengi ungepita. Nikamwona Obadia anatikisa kichwa, anaiacha ile pikapu, anateremka mlima peke yake kwa miguu. Nikajua imekwisha. Niliingia ndani nikalia, sioni haya kuwaambia.

Nikiwa kulekule ndani nikausikia mlio. Nilitoka mbio. Subira ilikuwa inakuja, imesukumwa na Lupande nzima, gunia zote zimefungwa mgongoni, moshi mweusi nyuma. Ikaipita ile nyeupe mtaroni. Ikayumba kulia, ikayumba kushoto, ikasimama kidogo kama inayovuta pumzi, ikapanda. Haikuwa siri kwamba kila mtu wa Igumilo alikuwa anaisukuma kwa macho, na mwiko haukukataza macho.

Ilipoingia uwanjani, Obadia akafungua kamba ya mlango akashuka. Mjomba Elikana, aliyekuwa amedandia nyuma, akaanza maneno ya kupamba, kwamba gari jipya limeachwa njiani kwa heshima ya wazee wa zamani. Obadia akamkatiza, na anayeposa hamkatizi mshenga wake.

"Baba, mjomba ananifichia aibu. Pikapu yangu imeshindwa. Mbegu nimezileta kwa gari la marehemu baba, ambalo mimi nililifanya banda la kuku."

Baba aliiendea Subira, akaweka kiganja juu ya boneti ya moto.

"Hili nalijua siku nyingi," akasema. "Wewe nimekujua leo."

"Na ile nyeupe?" mama akamchokoza Obadia. "Mbona ilikuwa inapendeza?"

"Ina rangi nzuri, mama."

"Rangi haipandi mlima," baba akasema. "Shusheni mbegu."

Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa, na mama alipiga kuliko wote. Kesho yake Subira iliivuta ile nyeupe kutoka mtaroni, na watu wa Lupande na Igumilo wakaanza kulitumia neno lile la baba kwa kila kitu: kwa jembe la dukani, kwa mgombea mwenye suti, kwa mchumba mwenye maneno matamu. Leo nalisikia mpaka Njombe mjini, kwa watu wasioijua Kihelo, nami hukaa kimya nikijisikia vizuri, kwa sababu ni neno la kwetu.

Mbegu zile zilizaa, tukala harusini tukasaza. Lakini mkiniuliza mimi, nakumbuka zaidi alivyosimama pale uwanjani, koti lake la sherehe limejaa matope mpaka mabegani, manyoya ya kuku kichwani, viatu havijulikani ni viatu. Sijamwona akipendeza vile, si kabla ya hapo, si siku ya harusi, si mpaka leo. Rangi haipandi mlima, wajukuu zangu. Aliyepanda ni huyu babu yenu.