Mti Uliolilia Jina

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya watu walioshiba. Sogeeni motoni mnipe nyingine. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa wakisemeshana na watu, alikuwapo Bi Mize na mumewe, Bwana Makame. Uani kwao uliota mti ambao hawakuupanda. Bi Mize akaumwagilia, akaufagilia, akaupenda. Siku ulipochanua, maua ya manjano yakaning'inia kama hereni za bibi harusi. Lakini jina lake? Hakuna aliyelijua.

Makame akaja na shoka. "Mke wangu, mti usio na jina ni kuni."

"Mume wangu, tafadhali! Nikikupatia jina je?"

"Haya, kabla jua halijatua."

Bi Mize hakupoteza muda. Akamwita Mbuzi. Mbuzi akatafuna jani, akatafuna la pili, akatafuna kitawi kizima. "Jina bado silijui," akasema. "Nipe na lile tawi la juu, nihakikishe."

Akamwita Tumbili. Tumbili akapanda, akatikisa, akatafuta tunda asilione. "Mti bila tunda? Huu unaitwa nguzo!"

"Nguzo nayo ni kuni," akasema Makame, huku ananoa shoka.

Hapo akapita Kuku na vifaranga wake. "Kwani nyinyi hamjalea? Mtoto mchanga akilia bila kukoma, si mnamtajia majina ya wazee mpaka anyamaze? Basi tazameni, maua yanadondoka to! to! to! kutwa nzima. Mti unalia huo. Utajieni majina!"

Wakautajia. "Mjohoro!" Maua yakadondoka. "Mkrismasi!" Maua yakadondoka. "Mlangilangi!" Maua yakadondoka, na moja likatumbukia kwenye chai ya Makame. Bi Mize machozi yakamlenga, maana jua lilikuwa linazama.

Makame akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mwanamke na kuku wake! Haya, na mimi nitaje langu. Mwanasiti, jina la marehemu mama yangu!"

Kimya. Upepo ukakatika. Hata ua moja halikudondoka.

Makame akangoja. Akangoja tena. Akangoja mpaka shoka likamponyoka. "Mama?" akaita, kwa sauti ya mtoto aliyekutwa analamba sukari.

Bi Mize akapiga vigelegele. Mti wake umepona! Akaurukia, akaukumbatia.

"We mwanamke!" Makame akamaka. "Ndivyo unavyomrukia mamamkwe wako? Hata hujamwamkia!"

Basi jamani, tangu siku hiyo Makame hakugusa mti ule hata kwa kisu cha kuchokolea meno. Na Bi Mize, kila asubuhi, kabla hajatia maji, hupiga goti mbele ya mti alioulea mwenyewe. "Shikamoo, mama." Kanga zake huanika kwa jirani, maana nani aanike nguo kwenye mabega ya mamamkwe?

Hadithi yangu imekomea hapo uani, na Bi Mize yungali kapiga goti.