Kiboko na Uwanja wa Kilimani

Ninayo ngano, iko angani inazunguka!

*Ishushe!*

Niishushe wapi, na uwanja una mwenyewe?

*Masikioni mwetu, hapana ada!*

Basi tulieni, itue.

Hapo kale, katika Bonde la Nyangaro, aliishi Korongo mwenye mgongo mpana. Ndege wengine waliruka kwa ajili ya matumbo yao. Korongo aliruka kwa kazi. Ukitaka kufika mbali upesi, unapanda mgongoni, unashika manyoya, naye anakimbia pa-pa-pa-pa, anatandaza mabawa, fyuu, mko juu. Alimpeleka Sungura ng'ambo ya bwawa kutafuta mbegu za karanga, akamrudisha jua halijazama. Alimpeleka hata Nungunungu, na miiba yake yote, na baada ya safari ile akalala kwa tumbo kwa muda mrefu. Lakini alimfikisha. Wakazi wa bonde wakaanza kuambiana, kumbe dunia si kubwa hivyo.

Shida ilikuwa moja. Korongo mwenye mzigo hapai kutoka popote. Anataka ardhi ndefu, ngumu, isiyo na kichaka, apate pa kukimbilia. Na ardhi ya namna hiyo ilikuwa kando ya mto tu, na Kiboko alikuwa ameikalia.

Kiboko hakuifyeka. Hakuisawazisha. Aliikuta. Ila alisema ni yake, na kwa mdomo ule nani angembishia? Ukitua, mzigo wa majani. Ukipaa, mzigo wa majani. Ukipita juu ya mto, mzigo wa majani, kwa kuwa kivuli chako kimegusa maji yake. Sasa niambieni nyinyi wenye akili zenu, kivuli kinapunguza maji kiasi gani?

Na juu ya hayo kulikuwa na kibali. Kila safari Kiboko akanyage tope mbele ya Korongo, ndi, abakize unyayo. Huo unyayo ndio kibali. Ukifutika kabla hujapaa, kibali kimekufa, lete majani upya. Na mwenyewe akishakanyaga tu alijitupa mtoni, chubwi, mawimbi yakaja yakaufuta. Mchana kutwa ikawa ndi, chubwi, lete majani. Ndi, chubwi, lete majani.

Basi mwaka huo Bi Digidigi alikuwa na safari. Huyu ni mama mkubwa wa ukoo wa digidigi, wenye udongo wa chumvi. Nyumbu wa Uwanda wa Juu hawana chumvi, lakini hufuata majani mabichi kiangazi kizima. Kwa hiyo kila mwaka walipatana: chumvi iende kwao, watoto wa digidigi wafuatane nao wakale. Na mapatano hayo hayatumwi kwa mtu. Ni lazima mkuu wa huku na mkuu wa kule waonane uso kwa uso, walambe bonge moja la chumvi. Wasipolamba, hakuna neno. Kwa miguu unalizunguka bwawa, unapita kwa simba, na ukifika unakuta vumbi: Nyumbu wamekwisha kuhama. Mwaka uliopita Bi Digidigi alilikuta vumbi. Kiangazi hicho alizika wajukuu.

Safari hii alimpelekea Kiboko majani, akakanyagiwa, ndi, chubwi. Akapeleka tena, ndi, chubwi. Akakaa ukingoni akalia bila sauti.

Aliyemwona ni Pimbi, binti wa mawe ya kilimani, mdogo, hana mkia hata wa dawa. Hakumpa pole. Alikwenda kwa Korongo akamuuliza anahitaji ardhi ya namna gani hasa, na ndefu kiasi gani. Korongo akamweleza. Pimbi akapanda kilima chao, akatazama kule juu palipo bapa refu lililosongwa na kichaka. Kisha akangoja siku ya mawingu, akashuka mtoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeleta majani?"

"Nimeleta habari, babu. Makorongo wa mbali wamesikia kazi ya mgongo inalisha. Wanakuja kundi zima."

Kiboko akafumbua jicho la pili.

Pimbi akamweleza, polepole, kwamba wageni wale huruka juu mno, unyayo wa topeni hawauoni. Tena ni waoga wa sheria: wasipoona kibali hugeuza shingo wakaenda kwa Mamba, mto wa pili. Kwa hiyo vibali vyao vikanyagwe mapema, kule juu kilimani, kila safari na unyayo wake.

"Na ada yangu?"

"Utaichukua papo hapo, babu. Kila jani litakalolala chini ya unyayo wako ni lako."

Hakuuliza majani yale ni ya nani. Wakubwa hawaulizi hilo.

Kiboko akapanda kilima. Akakanyaga ndi, akala kwacha. Akakanyaga ndi, akala kwacha. Pimbi alitembea pembeni akisifu. Unyayo huu mzuri, babu. Huu umepinda kidogo, wageni watadhani ni wa kifaru. Kiboko akaurudia, ndi. Hapa pana kisiki, babu, kitaharibu mwandiko. Kiboko akaking'oa. Mstari unyooke, babu, wenye kuruka husoma ulionyooka. Kiboko akaunyoosha. Ndi, kwacha. Ndi, kwacha. Kichaka kikaisha, ardhi ikawa ngumu kama ya kupuria mtama.

Mawingu yakapasuka, jua likamgusa mgongoni, na ngozi ya kiboko haivumilii jua. Akatimka kuteremka, gurugurugu, akabomoa njia safi toka kileleni hadi majini. Chubwi.

Asubuhi iliyofuata Bi Digidigi alipanda kwa njia hiyohiyo, bonge la chumvi likining'inia shingoni. Korongo alikuwa ameshakunjua bawa moja. Mara, ndi, ndi, ndi. Kiboko. Alikuwa ametafakari usiku, na kutafakari kulimkasirisha. Akaketi katikati ya uwanja.

"Nyayo ni zangu," alisema. "Uwanja ni wangu. Hapai mtu."

Bi Digidigi akatazama Uwanda wa Juu. Mbali kule, vumbi jembamba lilikuwa linainuka.

"Mwanangu Pimbi," alisema, "wale wanaamka."

Pimbi akatazama mawingu. Yalikuwa mepesi. Akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Akamuuliza habari za kulala. Njema. Bibi hajambo? Hajambo. Na ndama wa mwisho, meno yameota? Yameota. Sasa, Kiboko ana mengi, lakini tumpe haki yake: amelelewa. Mkubwa wa kwao hakatishi salamu wala haiachi bila jibu, hata kama nyumba inaungua. Na nyuma ya Pimbi, mawe yakaanza kutoa pimbi. Wajomba, mashangazi, mabinamu, vitukuu, mmoja mmoja, kila mmoja na goti lake. Shikamoo, babu. Marahaba. Shikamoo, babu. Marahaba. Jua likapanda. Mgongo wa Kiboko ukaanza kutoka jasho jekundu. Shikamoo, babu. Maraha. Shikamoo, babu. Mara.

Akasimama, akageuka, akatimka, na kila salamu iliyomfuata aliijibu akikimbia, mpaka tukasikia marahaba moja ikitoka chini ya maji na mapovu.

Pa-pa-pa-pa. Fyuu.

Korongo alimkuta mkuu wa Nyumbu ameshainua mguu. Akauteremsha. Wakalamba, yeye na Bi Digidigi, bonge moja. Kiangazi hicho watoto wa digidigi walinenepa hadi wakawa hawapendezi.

Baadaye Mwari, yule ndege wa mdomo wa mfuko, akaja kufanya kazi kilimani, kisha Tai, na bonde likazoea kufika. Kiboko akatangaza kwamba uwanja kaujenga yeye. Pimbi akasema ni kweli kabisa. Hata leo, mvua zikiotesha majani, pimbi hungoja siku ya mawingu, wakamwalika Kiboko awe mgeni rasmi. Naye hutembea toka mwanzo hadi mwisho, ndi, kwacha, huku akipigiwa vigelegele, na uwanja ukabaki safi.

Hivyo, wenzangu, funzo la ngano hii ni kwamba maendeleo huletwa na wakubwa. Pimbi alifanya nini? Alisalimia tu. Kwa hiyo ukimkuta mkubwa amekalia uwanja, usimlaumu wala usimsukume, ni utovu wa adabu. Msalimie. Ukimaliza, msalimie tena. Na jicho lako moja liwe juani.

Ngano yangu imepaa!

*Imetuachia nini?*

Unyayo. Anayeutaka, alete majani.