Matanga Nyumbani kwa Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!
Pakawa!
Mwenye masikio?
Atege!
Mwenye kusinzia?
Akalale kwao!

Haya. Mshamu, acha kumfinya Tatu, sogea huku nikuone.

Hapo kale kila mnyama alikuwa na upinde. Swala ana upinde, Nguruwe ana upinde, Kima ana upinde. Aliyewagawia ni Fisi. Wakamuuliza, "Pinde za nini?" Akasema, "Za kujilinda." Kujilinda na nani? "Na wenye pinde." Wakatikisa vichwa, wakasema huyu mzee ana akili sana.

Siku moja Kima akaamka na hasira zake. Akapanda mti ulio juu ya kisima, na chini watoto wanakunywa maji. Fyu! Fyu! Fyu! Watoto wa Swala wakalala palepale. Kima alikamatwa, lakini watoto hawakuamka.

Wanyama wakakusanyika. Swala akasema, "Jamani, hii mishale..."

Fisi akainua mkono. "Taratibu, mama. Leo si siku ya kusema. Leo ni siku ya kulia."

Wakalia, uuwi, uuwi. Fisi alilia kuliko wote, mpaka mate yakamtoka. Halafu akajitolea kubeba maiti akazike peke yake, ili wafiwa wapumzike. Wakamshukuru.

Machozi hayajakauka, Nguruwe naye akaamka na hasira zake. Fyu! Fyu! Fyu! Watoto wa Digidigi wakalala palepale. Digidigi akasema, "Jamani, hii mishale..."

"Leo si siku ya kusema," akasema Fisi. "Leo ni siku ya kulia."

Wakalia, uuwi, uuwi. Fisi akabeba maiti. Na hiyo siku ya kusema ikawa haifiki, maana kila ikikaribia, mwingine anaamka na hasira zake.

Sasa palikuwa na Bi Pimbi, kanyama ka mawe, kadogo, hata mkia hana. Alikuwa na mwana mmoja tu. Kisima ni kilekile, na mwana ana kiu. Bi Pimbi alimfungia ndani, akamlambisha umande wa majani, na mtoto akazidi kukonda. "Mama, kisimani tutakwenda lini?" Swali hilo lilimuuma Bi Pimbi sana.

Fisi alipobeba maiti tena, akamfuata makaburini, nyata, nyata, nyata. Hakuona kaburi. Alimwona Fisi amekaa kivulini anajilamba midomo, na jembe lake safi, halina hata udongo. Bi Pimbi akarudi kwake.

Safari nyingine alikuwa Nungunungu. Fyu! Fyu! Fyu! Watoto wa Ngiri wakalala palepale. Kabla Fisi hajainua mkono, Bi Pimbi akasimama. "Wenzangu, leo si siku ya kusema. Leo ni siku ya kulia."

Fisi akafurahi. "Umeona? Huyu mdogo ana adabu."

"Lakini tulie kwa nani?" akasema Bi Pimbi. "Hakuna aliyeumia kama Mzee Fisi. Sisi tunalia kwa macho, yeye analia mpaka kwa mdomo. Matanga yawe kwake, na maiti wazikwe uani kwake."

Fisi akawaza, nyama itakuja yenyewe mpaka mlangoni. Akasema, "Karibuni sana."

Wakaenda wote. Wakazika uani, wakakaa juu ya makaburi, wakalia. Usiku Fisi akatoka, nyata, nyata, nyata.

"Mzee, huwezi kulala?" akauliza Bi Pimbi. "Pole. Njoo ulie nasi." Fisi akakaa, akalia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

Asubuhi akaomba nyama. Bi Pimbi akashangaa. "Mwenye matanga anakula nyama? Watu watasemaje?" Lakini wageni walikula walichokuta. Swala alikula paa la nyasi. Digidigi alikula uzio. Ngiri alifukua sakafu akitafuta mizizi. Mvua ikanyesha, ikamkuta Fisi kitandani.

"Jamani," akasema, tumbo likinguruma, "tuondoe matanga."

"Tutaondoaje, na hatujasema?"

"Basi semeni!"

Bi Pimbi akainua mkono. "Taratibu, mzee. Leo si siku ya kusema. Leo ni siku ya kulia."

Wakalia, uuwi, uuwi. Swala akamaliza paa, akahamia kwenye godoro la majani.

Fisi akapiga magoti. "Nawaombeni. Leo ni siku ya kusema."

"Tuseme nini?"

"Mishale! Chukueni mishale, chukueni pinde, na zangu chukueni. Tatizo ni mishale, nilijua tangu zamani. Ila mwondoke."

Wakasema siku hiyohiyo, na hawakuchukua muda. Kila mmoja alileta upinde wake, Fisi akatoa rundo zima alilokuwa ameficha, wakawasha moto, ta-ta-ta-ta, mpaka likabaki jivu. Ndipo wakaondoka.

Kesho yake Bi Pimbi akafungua mlango. Mwanawe akashuka kisimani, akanywa, glu, glu, glu, akarudi amelowa mpaka masikio. "Mama, nirudi tena?"

"Rudi."

Hadithi yangu imefika nyumbani, imevua viatu.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: msibani usitaje mshale kamwe, ni kukosa adabu. Wewe lia tu. Ila chagua vizuri nyumba ya kulilia.